Mama Anasikia Macho Yake

Bi. Noh wa safu ya ushauri, shikamoo.

Naomba unisome mpaka mwisho hata kama nitakuchosha, kwa sababu hapa mezani nina karatasi mbili, hii ninayokuandikia wewe na nyingine ya kumlaza mama yangu hospitali ya wagonjwa wa akili, baba ameshatia sahihi yake, na sheria inataka ndugu wawili, na ndugu wa pili ni mimi.

Naitwa Pyo Eun-sol, mimi ni mpishi wa shule katika mji wa Jinju, lakini tangu baridi ianze nipo nyumbani, bandarini Tongyeong, kwa sababu baba aliniita. Baba ni fundi wa injini za boti, mtu wa maneno machache, na siku aliyonipigia simu alisema, "Njoo umwone mama yako, halafu uniambie kama si mimi niliyerukwa na akili." Mama anaitwa Tak Sun-rye. Kazi yake ni kubanja chaza, yaani kuzitoa kwenye maganda, kwenye banda lililo chini ya kilima chetu, ameifanya tangu kabla sijazaliwa, anasimama na wanawake wenzake kuzunguka lundo, kisu mkononi, mdomo haufungi, yeye ndiye mchekeshaji wa banda zima na kicheko chake kilikuwa kinafika gatini.

Nilipofika nilimkuta amekaa sebuleni anautazama ukuta. Nikasema, "Mama, nimerudi." Hakugeuza macho, Bi. Noh. Aligeuza shingo, polepole, kichwa kizima kikazunguka kama cha bundi, macho yametulia katikati kama ya mdoli, mpaka uso wote ukanielekea, ndipo akatabasamu. Nywele zilinisimama. Akaninong'oneza, "Karibu mwanangu. Usiogope. Nikiyageuza yanapiga kelele."

"Nini kinapiga kelele, Mama?"

"Macho."

Akanieleza kwamba akitazama kulia anasikia mkwaruzo, akitazama kushoto anasikia mkwaruzo, kama kamba iliyolowa inavyovutwa juu ya ubao, ndani kabisa, na kwamba tabu yenyewe haiishii hapo. Hatafuni tena. Anaweka wali mdomoni, anaufunika kwa maji, anangoja mpaka ulainike, halafu anameza akiwa amefumba macho, kwa sababu akitafuna, anasema, ni kama mtu anavunja vigae ndani ya fuvu lake. Haongei ila kwa kunong'ona, maana sauti yake mwenyewe inamrudia kama mtu anayefoka ndani ya mtungi. Na ametandika magodoro na mablanketi sakafu nzima kutoka chumbani mpaka chooni, anatembea juu yake kwa ncha za vidole, na nilipomuuliza kwa nini, alinishika mkono akasema, "Kuna mtu anatembea kichwani mwangu. Nikisimama, anasimama. Nikikimbia, anakimbia."

Sasa niambie, wewe ungefanya nini ukisikia hivyo kutoka kwa mama yako mzazi?

Kuna mchana mmoja nilimkuta amelala ubavu, sikio la kushoto limebanwa sakafuni, nikadhani ameanguka, nikamkimbilia, akainua kidole ninyamaze. Nyumba ilikuwa kimya, hata upepo hakuna. Akanong'ona, "Baba yako amefika ngazi ya chini. Ana kitu kizito mkono mmoja." Nikafungua mlango, ngazi zetu ni ndefu zinapanda kilima, sikuona mtu. Nikasimama pale na baridi ile, nikataka kumwambia umeona, hakuna mtu, na hapo baba akatokeza kwenye kona, anapanda, amebeba betri ya boti. Sikumwambia baba. Lakini tangu siku hiyo nikilala nafunga mlango wa chumba changu kwa ndani, na nikifunga naona haya, na bado nafunga.

Bandani walishamkimbia. Shangazi Mal-ja, dada yake baba, anayekaa nyumba ya chini yetu, ndiye aliyenisimulia. Kuna mashine inayomwaga chaza kutoka kwenye boti, zikishuka zinashuka kwa kishindo, na siku hiyo ziliposhuka mama alishika meza kwa mikono miwili akasema sakafu inapinduka, na wenzake wakamtazama wakaona macho yake yanapanda juu yenyewe, yanazunguka, yanarudi, yanapanda tena, huku uso wake umetulia tu kama macho si yake. Akaanguka juu ya maganda akachanika kiwiko. Siku iliyofuata alikuta pale anaposimama pamemwagwa chumvi, ile ya kufukuzia mikosi. Hakuna aliyemfukuza, ila chumvi ile aliielewa, akakunja aproni yake akarudi nyumbani.

Si kwamba hatukumtibu. Zahanati ya hapa karibu walimmulika masikio, wakasema safi kama ya mtoto mchanga, wakampa dawa ya usingizi. Akalala, akaamka, mambo yakawa yale yale. Ndipo baba akampeleka hospitali kubwa, kwa daktari wa akili, na safari ya pili mimi ndiye niliyeenda naye. Tulingoja asubuhi nzima. Tulipoingia, daktari alikuwa anatazama kompyuta, akaandika, akauliza bila kugeuka:

"Unasikia sauti?"

"Ndiyo, daktari, nasikia sauti."

"Muda wote?"

"Nikitembea. Nikila. Nikigeuza macho. Daktari, haya yalianza siku ile nilipoinua kreti ya..."

"Zinakuamuru kufanya kitu?"

Mama akanitazama, maana yake aligeuza kichwa kizima kunitazama, na daktari akainua uso wakati huo huo akaona vile kichwa kinavyozunguka na macho hayazunguki, nikamwona anarudisha kiti chake nyuma kidogo. Mama akasema, "Zitaniamuruje? Ni macho yangu." Daktari akaandika tena. Alikuwa mpole, sisemi alikuwa mbaya, alitupa muda mfupi tu kwa sababu nje kulikuwa na watu wamejaa mpaka ngazini. Akaniambia mimi, si yeye, kwamba mgonjwa anasikia sauti na anaamini zinatoka mwilini mwake, kwamba ni vizuri alazwe, na akanipa hiyo karatasi. Mama alikuwa amekaa pale pale.

Shangazi aliposikia hospitali ya akili alipiga kelele. Akamwambia baba, "Wifi yangu hana wazimu, wifi yangu ameingiliwa! Unataka kumfungia na pepo wake chumba kimoja?" Baba akasema, "Dada, mimi ni fundi. Kitu kikilia, kuna kilicholegea. Na mtu hana sehemu ya kulegea ila akili." Wakagombana mpaka chakula kikapoa. Mwishowe baba akamwachia shangazi siku moja ya kujaribu yake.

Tukampeleka kwa mganga wa mizimu, juu ya kijiji cha pili, mchana wa jua kali. Mganga alikuwa mama mtu mzima, amevaa joho la rangi, mpole vilevile, amepanga mapeasi na keki za mchele mbele ya madhabahu. Mama alikaa ametulia. Ngoma ilipoanza hakutikisika sana. Lakini walipopiga upatu, Bi. Noh, ule upatu mkubwa wa shaba, niliona kwa macho yangu mawili. Ukipigwa, macho ya mama yanapanda na kujipinda upande mmoja. Sauti ikififia, yanashuka. Ukipigwa tena, yanapanda tena. Yeye hakuwa anayapandisha, alikuwa ananitafuta mimi, ananyoosha mkono gizani kumbe ni mchana, anasema, "Eun-sol, nishike, nyumba inalala ubavu," na mganga akaona akapiga kwa nguvu zaidi, na mama akaanguka chini akatapika kwenye mkeka.

Mganga akapiga magoti, akamwinamia, akasema, "Pepo ameshapata kiti. Aliyepanda hapa hataki kushuka." Halafu akanigeukia akasema kwa huruma kabisa kwamba mama akikubali kumpokea huyo aliye ndani na kuwa mganga kama yeye, atapona, lakini akimkataa au tukimfungia, kitu hicho kitateremka kwa binti yake wa pekee.

Binti wa pekee ni mimi. Na sasa nimeanza kujisikiliza. Nikilala nageuza macho kulia na kushoto nikiyatega, na juzi nilidhani nimesikia.

Jana nilimwonyesha mama ile karatasi kwa sababu sikuweza kumficha. Aliishika karibu na uso, aisome bila kusogeza macho, anaisogeza karatasi yenyewe. Akasema, "Ukitia sahihi watanipa dawa nitalala. Na huyu anayetembea atabaki macho peke yake." Akanirudishia. Baba anataka nimpe jibu kabla ya wiki kuisha, shangazi anataka nisimpe, na mimi nampenda mama yangu na ninamwogopa mama yangu. Nitie sahihi, nisitie, nimpeleke kwa nani? Nisaidie.

Wako katika hofu,
Pyo Eun-sol, Tongyeong

*

JIBU LA BI. NOH

Eun-sol, marahaba. Usitie sahihi. Nimekupigia simu tayari kukuambia hilo, maana barua kama yako haingoji zamu ya gazeti, lakini nalichapa jibu zima hapa, kwa ruhusa yenu, kwa ajili ya nyumba nyingine ambako mtu amekaa anatazama ukuta.

Pole, mwanangu. Kumwogopa aliyekuzaa ni jambo zito, na kuendelea kulala nyumba moja naye huku unaogopa ni ujasiri. Haya, pole imeisha. Sasa nikugombeze.

Umeniandikia kwa ufasaha namna mama yako anavyogeuza kichwa, namna anavyomeza, namna anavyotembea. Macho unayo. Lakini alipokwambia sababu ya kila kimoja, wewe ulisikia kichaa. Mtu mwenye kidonda mguuni akichechemea, utasema ana pepo? Mama yako alikwambia macho yakigeuka yanampigia kelele, kwa hiyo hayageuzi. Alikwambia kutafuna kunamuumiza, kwa hiyo hatafuni. Hakuna alilofanya ambalo hakukwambia sababu yake mapema, tena kwa mpango. Mwenye kuweweseka hafuati mpango namna hiyo. Wewe ukamfungia mlango.

Sasa tuje kwa daktari. Aliuliza, "Unasikia sauti?" Mama akajibu ndiyo. Na wote wawili walisema kweli, na hakuna aliyemwelewa mwenzake! Daktari aliuliza sauti ya nani. Mama alijibu sauti ya nini. Neno ni moja, na katika neno hilo moja mama yako karibu afungiwe. Na wewe ulikuwa umekaa katikati yao, unazijua habari zote, ukanyamaza.

Halafu kuna sentensi moja katika barua yako ambayo imenikosesha raha tangu niisome. "Haya yalianza siku ile nilipoinua kreti ya." Ya nini? Siku gani? Kilitokea nini? Mama yako alianza kusema, akakatwa, na ninyi nyote, daktari, baba, shangazi, mganga na wewe, mmekaa baridi nzima bila mmoja wenu kumwambia, "Samahani, ulikuwa unasema?"

Mimi si daktari, na mtu asije akanisema kwamba natibu watu kwa gazeti. Lakini nina rafiki mjini Busan, Daktari Eom, mwanamke wa makamo, kazi yake ni masikio, na nilimsomea barua yako bila kutaja majina. Nilipofika pale kwenye upatu alinikatiza, jambo ambalo halifanyi kabisa, akasema, "Rudia hapo. Macho yalipanda kabla ya upatu, au baada?" Nikasoma tena: ukipigwa, yanapanda, sauti ikififia, yanashuka. Halafu akaniuliza, "Na mgonjwa mwenyewe anasemaje, yalianza lini?" Nikamjibu kwamba hatujui, maana hajaruhusiwa kumaliza. Akasema, "Basi nileteeni amalizie hapa."

Kwa hiyo sikia utakachofanya. Leo, kabla ya jua kushuka, keti na mama yako. Zima simu. Mwambie asimulie tangu hiyo kreti, na wewe usimpe pole katikati, usimweleze, usimmalizie neno, usilie. Akinyamaza, ngoja. Akikwama, sema "halafu?" basi. Kisha mpeleke Busan, baba naye aende, na mkifika kwa daktari, mama ndiye aseme. Ukimsemea nitajua na nitakupigia simu tena.

Ikiwa sikio litaonekana zima, mrudi kwa daktari wa akili bila aibu yoyote, maana akili nayo ni kiungo na inaugua kama ini. Lakini mrudi kwa daktari atakayegeuza kiti chake.

Mganga msimtukane. Alisema alichokiona kwa kadiri ya macho yake. Ila hilo la kitu kuteremka kwako, litupe. Mtu yeyote akilala na hofu akategea macho yake mwenyewe, atasikia tu. Lala na mlango wazi.

Na wewe, Baba Eun-sol, najua unasoma, kwa sababu binti yako kaniambia siku hizi unamsomea mkeo gazeti hili. Umesema kitu kikilia kuna kilicholegea. Umesema vizuri. Injini ikikulilia, unaifungia bohari au unaweka sikio?

*

Wiki nyingi baadaye, baridi ilipokuwa inaondoka, nilipata barua nyingine kutoka nyumba ile ile. Naitoa kama ilivyo, sikuigusa.

*

Bi. Noh,

Mimi ndiye mama mwenyewe, Tak Sun-rye, mbanja chaza. Mwandiko wangu mbaya, vumilia.

Binti yangu alikutii. Aliniwekea chai ya shayiri, akakaa mbele yangu kama polisi, kila nikimeza mate anasema "halafu?", "halafu?", mpaka nikamuuliza kama ameajiriwa na kasuku. Lakini nilisema. Nilisema mpaka chai ikapoa. Kreti ilikuwa ya chaza, imelowa, nzito kuliko kawaida, niliiinua nikiwa nimebana pumzi na hapo hapo chafya ikanijia nikaizuia. Kitu kikafanya tak ndani ya sikio la kushoto, kama ganda linapoachia kisu. Sikuumwa. Niliweka kreti chini, nikageuka kumtania mwenzangu, na nilipogeuza macho ndipo niliposikia mara ya kwanza. Nilidhani kuna mtu anaburuta kamba nyuma yangu. Nikageuka. Hakuna mtu. Nikageuka tena, akaburuta tena.

Bi. Noh, hujui woga ule. Watu wanafikiri mwenye kupandisha pepo haogopi kwa sababu hayupo. Mimi nilikuwepo.

Daktari Eom ni mwanamke mfupi, ana meza tupu. Alisema, "Mama, anza popote." Nikaanza. Mume wangu alitaka kunisaidia, daktari akainua kiganja bila kumtazama, mume wangu akanyamaza. Nilipomaliza alingoja kidogo, labda nina jingine, na kumbe nilikuwa nalo, nikamwambia kuhusu kulala na sikio sakafuni na kusikia ngazi. Hakurudisha kiti nyuma. Alikivuta mbele.

Halafu akatoa kichuma chenye meno mawili kama uma, akakigonga kikavuma, akanivua soksi, akakiweka kwenye kifundo cha mguu. Kifundo, Bi. Noh, kule chini! Akauliza, "Unakisikia?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Wapi?"

"Hapa," nikashika sikio la kushoto. "Kinalia humu ndani kama kengele."

Akamgeukia mume wangu, akagonga kile kichuma akakiweka kwenye kifundo chake yeye. "Wewe?"

"Mimi nahisi tu mtetemo mguuni," akasema.

"Ndiyo. Na mimi pia. Mkeo anakisikia."

Wakanipiga picha za kichwa. Daktari akatuonyesha kwamba mfupa mwembamba unaofunika sikio la ndani una tundu, dogo kuliko punje ya mchele, labda mfupa ulikuwa unazidi kuwa mwembamba miaka mingi, siku ile ukatoboka. Sauti za mwili zinapita pale zinaingia sikioni zimekuzwa. Aliyekuwa akitembea kichwani mwangu ni miguu yangu mimi, na hatua za ngazini nilizisikia kupitia sakafu, kama kile kichuma kifundoni. Na kelele kubwa ya nje ikigonga pale inavuruga mizani ya mwili, macho yanajigeuza yenyewe na dunia inalala ubavu. Ndiyo mashine, ndiyo upatu.

Gi-cheol, mume wangu, alitoka nje. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Kwa hiyo siku zote nilipokuwa nakufokea..."

Nikamwambia, "Ulikuwa unanifokea, na moyo wangu unanipigia ngoma. Ilikuwa sherehe nzima." Daktari alicheka. Yeye hakucheka, alinishika mkono mpaka stendi ya basi, na sisi si watu wa kushikana mikono.

Daktari hakuniambia fanya hili. Aliniambia naweza kuishi nalo kwa kujihadhari, au wanaweza kufungua mfupa juu ya sikio na kuziba lile tundu, na kwamba kufungua fuvu si mchezo, naweza kupungukiwa na usikivu, naweza kuyumba majuma kadhaa. Akaniuliza mimi ninataka kurudi kufanya nini. Nikasema nataka kula kimchi cha figili, achari ile inayovunjika ukiitafuna, na nataka kucheka bandani. Akayaandika yote mawili.

Nikachagua kufunguliwa.

Eun-sol aliniuliza kama ile karatasi ya hospitali aichane. Nikamwambia aifungie maganda. Wifi yangu bado anasema ni pepo, ila sasa ni pepo aliyetoboa mfupa. Sibishani naye, ananiletea supu ya mwani kila siku. Wenzangu wa bandani walikuja na machungwa, wakakaa wamejipanga kama wanafunzi waliochelewa, na aliyemwaga chumvi akajitaja mwenyewe. Nikamwambia ilikuwa kidogo, angeongeza ningetia kwenye kimchi.

Lakini hayo siyo niliyotaka kukuandikia. Nilitaka kukuandikia asubuhi niliyozinduka baada ya kupasuliwa, maana hiyo sijamwambia mtu wa nyumbani.

Kulikuwa na mwanga dirishani. Kichwa kimefungwa. Nikageuza macho kulia. Hakuna kitu. Nikageuza kushoto. Hakuna kitu. Nikafikiri labda sijayageuza, nikainua vidole nikayashika juu ya kope kuona kama yanakwenda. Yalikuwa yanakwenda, kimya, yanateleza chini ya vidole vyangu kama samaki wawili ambao hawanijui. Nikasikiliza moyo. Haukuwepo. Nikameza mate, nikawa kama mtu aliyedondosha jiwe kisimani akangoja na halijafika. Bi. Noh, nilishika ukingo wa kitanda kwa nguvu zote. Mtu yule niliyemwogopa baridi nzima, aliyesimama nikisimama, alikuwa ameondoka, na mimi nililala pale sina hakika kama nimebaki.

Muuguzi kijana akaingia kuangalia chupa ya dripu. Akaona mikono yangu. Akauliza kama naumwa, nikasema hapana. Nilidhani atatoka. Wao wana vitanda vingi, na mimi nimeshazoea. Nikamwambia tu, "Ni kimya."

Akaiacha chupa. Akavuta kiti akakaa, magoti yake yakagusa kitanda changu, akasema, "Kimya hicho kikoje, Mama?"

Nikamweleza.